Haki Isiyofika Mpanda

Yako maneno yanayosemwa na watu wema kila pembe ya Tanzania, na mkoa wa Katavi haukuachwa nyuma kwa maneno hayo. Husemwa ya kuwa mtu asiyeweza kutembea, akipata kiti cha magurudumu, amebahatika. Na kiziwi akipata shimesikio, amebahatika. Na mtoto aliyekatwa mguu akivikwa mguu wa bandia, basi huyo ameangukiwa na bahati ambayo wazazi wake hawana budi kuishukuru mpaka kaburini. Wasemao hivyo hawana nia mbaya. Walakini neno bahati hapa ni shitaka. Hakuna mtu Mpanda asemaye kuwa mama amebahatika kwa sababu mwanawe alichanjwa surua katika zahanati, wala kwamba mtoto amebahatika kwa sababu shule ya msingi ilimpokea pasipo ada. Mambo hayo yalitolewa zamani katika milki ya bahati yakaingizwa katika milki ya haki, na mtu akiyakosa huuliza kwa sauti kubwa ni nani aliyemnyima. Magongo, miwani, viti, shimesikio, fimbo nyeupe na miguu ya bandia vingali vimekaa upande ule mwingine, pamoja na mvua ya msimu mbaya na samaki wa ndoana.

Kosa la kwanza li katika kudhani kwamba wahitaji wa vyombo hivi ni jamaa ndogo ya watu walio kando, wanaotambulikana kwa kutazamwa tu. Mgeni rasmi husimama uwanjani, akavaa miwani yake ili asome hotuba, kisha akagawa viti kumi kwa watu aliowaita wenye mahitaji maalumu, asitambue kuwa yeye mwenyewe, bila vioo viwili vilivyo mbele ya macho yake, asingaliweza kusoma hata jina la kijiji alichofika. Maumbile hayakumtenga sana na mwanamke anayepokea kiti mbele yake. Kilichowatenga ni kwamba chombo chake yeye huuzwa dukani na bei yake haikuzidi mshahara wake. Kwa hiyo hakuna aliyempigia makofi siku alipokinunua.

Wataalamu wa hesabu za watu wamelijua jambo hili, wakaacha swali la kale la kuuliza kama nyumbani mna kilema, swali lililojibiwa kwa aibu, au kwa uongo, au kwa kumfungia mtoto chumba cha ndani. Kundi la Washington, lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, lilitunga maswali sita mepesi: je, mtu huona kwa shida, husikia kwa shida, hutembea au hupanda ngazi kwa shida, hukumbuka kwa shida, huoga na kuvaa kwa shida, huelewana na wengine kwa shida? Swali likiulizwa hivyo, wanaojibu ndiyo huwa wengi kupita walivyotazamiwa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilipata 9.3 kwa kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi; ile ya mwaka 2022 ilipata 11.2. Mkoa wa Katavi katika miaka hiyo kumi ulikua kuliko mikoa mingine, kutoka watu 564,604 hata kufikia 1,152,958. Na tuseme, kwa kupunguza sana, kwamba mhitaji ni mmoja tu katika 20. Basi hao ni zaidi ya watu 50,000 katika mkoa mmoja. Viti kumi vya uwanjani ni vya nani kati yao?

Hapa yafaa kusema neno juu ya lugha, maana lugha nayo imeingizwa katika shughuli hii. Kiswahili kiliwatia kilema, kipofu na kiziwi katika ngeli ya vitu, ijapokuwa hakuna Mswahili asemaye kipofu kimekuja. Siku hizi wameamriwa kuitwa watu wenye ulemavu, na amri hiyo ni ya haki. Mtu atajwe kwanza kwa utu wake. Lakini imetokea kwamba kazi ya kusafisha maneno ilikuwa rahisi, ikamalizika. Na kazi ya kuleta magongo ilikuwa ngumu, ikaahirishwa. Makaratasi ya ofisi yamejaa heshima. Mwenye kuheshimiwa angali akitambaa kwa mikono kutoka kitandani mpaka chooni, na viganja vyake vimeota sugu mfano wa nyayo.

Mkoa wa Katavi ulikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na Mpanda ukawa makao yake. Ni nchi ya mpunga, mahindi na tumbaku, yenye ziwa Tanganyika upande wa magharibi na hifadhi ya wanyama katikati. Reli iliufikia mji wa Mpanda mwaka 1950, tawi la kilometa 210 litokalo Kaliua katika Reli ya Kati. Haikujengwa kwa huruma ya abiria. Ilijengwa kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba, na watawala wa siku zile waliona ni busara kulaza chuma porini kwa mwendo wote huo ili risasi ifike pwani. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila asemapo mtu kuwa Mpanda ni mbali mno kwa huduma fulani au fulani. Mpanda haikuwa mbali kwa risasi.

Sasa na litazamwe upande wa pili. Tanzania si nchi isiyo na maarifa ya viungo vya bandia. Mjini Moshi, penye hospitali ya KCMC, kiko chuo cha mafundi wa kazi hiyo kilichoanzishwa mwaka 1981, na sifa yake imepita mipaka: wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika kuja kujifunza pale namna ya kupima kigutu, kumimina plasta, kuunda kikombe cha mguu, na kumfundisha mtu kutembea upya. Dar es Salaam iko taasisi ya mifupa ya Muhimbili, iko na CCBRT iliyoanza mwaka 1994. Basi yaliyo haba si maarifa. Ni kwamba maarifa yamekaa kwenye ukingo wa mashariki wa nchi, na mguu uliokatwa uko kwenye ukingo wa magharibi. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,100. Kwenda Moshi kwa barabara si pungufu sana ya hapo.

Na afikiriwe mkulima wa Mishamo ambaye kidonda cha kisukari kimempotezea mguu chini ya goti. Kwanza hana budi kufika Mpanda, safari ambayo kwa mtu mwenye mguu mmoja na gongo la mti wa mwitu ni kazi ya siku nzima. Kisha mji mkubwa wa mbali, naye haendi peke yake: yuko ndugu wa kumshika mkono, na ndugu huyo naye ameacha shamba. Afikapo hupimwa. Hungoja mguu uundwe. Huvaa, hujaribu, hufundishwa hatua, hurekebishiwa. Wenyeji hujua kwamba kigutu kipya hupungua unene katika miezi ya kwanza, na kikombe kilichokuwa sawa huanza kulegea na kuchubua ngozi. Kwa mwenye kisukari, mchubuko mmoja ni hatari ya kukatwa tena juu zaidi. Kwa hiyo lazima arudi. Akiwa mtoto, lazima arudi na kurudi, kwa sababu mtoto hukua wala mguu wa bandia haukui. Hutaka mwingine karibu kila mwaka. Hata ingekuwa mguu wenyewe ni wa bure, nauli, chakula, malazi na siku zilizopotea zingaliufanya kuwa mguu wa thamani kuliko ng'ombe. Wengi huenda mara moja. Mguu uliolegea hutundikwa ukutani, na mwenyewe hurudia gongo lake. Kisha watu huja kusema kuwa wanakijiji hawajui kutunza vitu.

Na hivyo viti vya uwanjani? Ni shida kuvisema bila ya kuwaudhi watoaji, lakini waudhike kidogo. Kiti kilicho kingi katika misaada ni kile kilichotengenezwa kwa ajili ya kumsukuma mgonjwa katika ukumbi wa hospitali wenye sakafu ya saruji: magurudumu ya mbele madogo kama visahani, matandiko ya turubai yanayobonyea katikati, upana mmoja kwa watu wote. Kikiletwa kijijini, magurudumu yale madogo huzama katika mchanga wakati wa kiangazi na katika tope wakati wa masika, na kiti husimama ghafula kikamwaga aliyekipanda kifudifudi. Mtoto wa miaka minane huketishwa katika kiti cha mtu mzima, mgongo ukapinda upande ulioegemea. Aliyevunjika uti wa mgongo, ambaye hana hisia matakoni, hukaa juu ya turubai bila mto ufaao, akapata vidonda asivyovisikia, na vidonda hivyo huingia mfupani, na vimewaua watu. Mtu kama huyo hakusaidiwa. Picha yake ilipigwa siku ya kukabidhiwa. Siku ya kuzikwa hapakuwa na mpiga picha.

Haya si maoni ya mkaidi mmoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 juu ya viti vya magurudumu katika nchi zenye mali kidogo, nao husema wazi kwamba kutoa kiti ni huduma yenye hatua nyingi: mtu apimwe, achaguliwe kiti cha kumfaa, akirekebishiwe, afundishwe, na baadaye afuatwe aonekane anavyoendelea. Viko viti vya njia mbovu, vyenye gurudumu moja la mbele lililotangulia mbali na mipira ya upepo kama ya baiskeli. Ziko baiskeli za magurudumu matatu ziendeshwazo kwa mikono. Vitu hivyo vina faida moja ipitayo zote kwa mji kama Mpanda: pancha yake huzibwa na fundi yuleyule azibaye pancha za baiskeli chini ya mwembe, na mnyororo wake hupatikana sokoni. Fundi huyo ni mtaalamu ambaye serikali haijamtambua. Wiki chache za mafunzo, kipimo cha kupimia nyonga, na sanduku la vipuri, naye angeweza kuwa nusu ya huduma ya mkoa.

Watakuja wapinzani, na baadhi yao wana hoja inayostahili kujibiwa. Watasema Katavi ni mkoa mchanga. Unataka kwanza barabara, maji, madarasa, wauguzi. Na vyombo vya walemavu vije baadaye, nchi ikishatajirika. Hoja hiyo ina sura ya busara. Illa imejengwa juu ya fikira kuwa chombo ni pambo la maisha yaliyokwisha kukamilika, kama zulia. Mtoto asiyeona ubao hafaidiki na darasa jipya. Huketi nyuma, hunakili kwa jirani, huitwa mzito wa akili, hupigwa, na mwisho huacha shule. Na yote hayo kwa kukosa vioo viwili. Fedha za darasa zilikwisha kutumika juu yake, na zimepotea. Hivyo anayesema madarasa kwanza na miwani baadaye, ndiye anayefuja madarasa.

Na kwa habari ya watu wazima, uko ushahidi wa mashamba. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Assam, nchini India, juu ya wachumaji wa majani ya chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ambao macho yao yalikuwa yameanza kushindwa kuona karibu kama iwavyo kwa karibu kila mwanadamu wa umri huo. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliwazidi wenzao wasiopewa, katika kuongeza uchumaji, kwa zaidi ya sehemu 20 katika 100. Ni miwani ileile isiyo ya ghali ambayo machinga wa mijini huitundika pamoja na chaja za simu. Katavi hakuna chai, lakini kuna majani ya tumbaku ya kupangwa kwa madaraja kwa kutazama rangi na madoa, kuna mchele wa kuchaguliwa mawe, kuna cherehani, kuna mbegu za kuhesabu na dawa za watoto za kusoma kipimo. Kuna pia wazee wa Katumba na Mishamo, waliotoroka Burundi tangu mwaka 1972 wakiwa vijana, wakafyeka msitu wakaufanya mashamba, na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Aliyekuwa na miaka 20 alipovuka mpaka, leo amepita 70. Kizazi kizima cha wakulima hodari kimefikia umri wa kuhitaji miwani, fimbo na shimesikio kwa pamoja, na hakuna msiba wala vita katika jambo hilo. Ni miaka tu. Nchi isiyojiandaa kwa miaka imejiandaa kwa nini?

Sheria zipo. Mwaka 1982 zilitungwa mbili, moja ya ajira na moja ya matunzo, na neno hili matunzo hueleza vyema mawazo ya siku zile: mlemavu alikuwa mtu wa kutunzwa na jamaa zake. Ikaja sera ya mwaka 2004. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika ibara ya 20 huzifunga serikali kumwezesha mtu kwenda atakapo kwa chombo bora na kwa gharama anayoiweza. Sheria namba 9 ya mwaka 2010 ilizifuta zile za zamani, na miongoni mwa mengine ikamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awaajiri watu wenye ulemavu wasiopungua 3 katika 100. Yote ni mema. Lakini mtu huajiriwa baada ya kufika kazini, na hufika kwa kiti, au kwa mguu, au kwa fimbo nyeupe.

Vivyo hivyo ile mikopo ya halmashauri, ambayo tangu mwaka 2018 sheria imeitengea sehemu 10 katika 100 za mapato ya ndani, na katika hizo sehemu 2 ni za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Mkopo ni deni. Mkopeshaji humtaka mlemavu awe katika kikundi, ahudhurie mikutano, aandike mradi, afuatilie ofisini, afanye biashara, kisha alipe. Anatakiwa kukimbia, na viatu hajapewa. Ingalikuwa desturi ya kumpa chombo kwanza, mkopo ungalikuwa na maana. Katika utaratibu wa sasa wenye nguvu kidogo ndio hufaidi, na aliye chini kabisa hasikii hata kwamba upo. Hata kodi ya ongezeko la thamani imesamehewa katika viti vya magurudumu, na msamaha huo wafaa usifiwe. Lakini kusamehewa kodi ya kitu kisichouzwa mjini kwenu ni kusamehewa deni ambalo hukukopa.

Ripoti ya dunia iliyotolewa mwezi wa Mei mwaka 2022 na Shirika la Afya pamoja na lile la Watoto la Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji chombo kimoja au zaidi, na karibu bilioni 1 hawavipati. Katika baadhi ya nchi tajiri wahitaji 90 katika 100 hupata; katika baadhi ya nchi maskini hupata 3. Wako wanaozisoma hesabu hizi wakapumua, kana kwamba wingi wa wenye kukosa unawapunguzia lawama. Mtu aliyekosa gongo kijijini Karema hapungukiwi na safari ya kwenda kisimani kwa kuwa mwingine amekosa gongo Asia.

Yanayotakiwa Katavi hayahitaji mgodi mpya. Vitu vidogo visivyotaka fundi wa kuvipima sana, yaani magongo ya urefu mbalimbali, fimbo nyeupe, miwani ya kuonea karibu, na betri za shimesikio ambazo huisha kwa wiki moja au mbili na kuigeuza mashine ya bei kuwa kokoto la sikioni, hivyo na vikae katika ghala ya dawa ya wilaya na kugawanywa zahanati kama vidonge vinavyogawanywa. Mganga wa zahanati anaweza kufundishwa kupima macho kwa chati ya ukutani kwa muda mfupi. Kwa vyombo vikubwa, fundi aje alipo mhitaji badala ya mhitaji kumfuata fundi. Mafundi wawili wa viungo, wenye chumba katika hospitali ya rufaa ya mkoa, plasta, jiko la kulainishia plastiki na cherehani ya ngozi, wangeuhudumia mkoa wote wakiwa na ratiba ya kutembelea Mishamo, Inyonga, Karema na Usevya kwa tarehe zinazojulikana mbele, zikatangazwa makanisani, misikitini na minadani. Viungo vitakavyopita uwezo wao vipimwe Mpanda, vipimo vipelekwe kwenye karakana kubwa, na mguu urudi ndani ya kifurushi. Kifurushi hakilipi malazi. Na watoaji wa viti wakatazwe kwa barua yenye muhuri kuleta kiti ambacho hakikupimwa kwa mtu, hata wakija na bendi.

Patakuwako kupingana juu ya nani alipe. Hazina kuu itaitazama halmashauri, na halmashauri itaitazama hazina kuu, na wote wawili watalitazama lango kama mfadhili yu njiani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilitungwa mwaka 2023, na hapo ndipo wabunge wa mkoa huu wanapopaswa kupiga kelele: bima inayolipa gharama ya kuukata mguu ilipe na gharama ya kuurudisha. Mpaka hapo, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya siku hiyo madiwani wa Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika huketi kupitisha makadirio, ukurasa kwa ukurasa. Mna fungu la mafuta ya magari, na diwani ye yote huweza kulionyesha kwa kidole. Aulize pia fungu la magongo li ukurasa wa ngapi, na kiasi gani, na kikao kisifungwe kabla hajajibiwa.